Tunza Kinywa, Linda Moyo

Kinywani mwetu huishi vijidudu vingi. Kimoja huitwa abiotrofia. Kikikaa kinywani hakina madhara. Lakini fizi zikioza na kutoka damu, huweza kuingia ndani ya damu. Damu hukifikisha kwenye moyo. Huko hushika milango ya moyo, hasa iliyokwisha haribika, na kuila polepole. Mgonjwa hupata homa ya siku nyingi, huchoka na hukonda. Asipotibiwa huweza kufa.

Kijidudu hiki ni kigumu kuoteshwa maabara. Mwaka 1961 wataalamu Frenkel na Hirsch walieleza kwamba huota kando ya vijidudu vingine. Hivyo hukipa chakula, hasa vitamini B6. Ni kama mahindi yanayostawi kando ya maharage.

Basi tufanye nini? Piga mswaki asubuhi na jioni. Jino bovu lising'olewe nyumbani. Kama una ugonjwa wa moyo, mwambie mganga wa meno kwanza. Homa isipokwisha, nenda hospitali upimwe damu. Usimeze vidonge vilivyobaki nyumbani. Vidonge hivyo huweza kukificha kijidudu, mganga asikione.