Je, Wajua? Mtanzania na Bloku 10

Pete ya mpira wa kikapu huwekwa mita 3.05 kutoka chini, iwe Musoma, Bunda, Butiama au Marekani. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, hubakiza sentimita 84 tu utosi wake uifikie! Tarehe 31 Januari 2009, akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut nchini Marekani dhidi ya Chuo cha Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo (bloku) 10. Hiyo ya mwisho ndiyo adimu: hata mabingwa wa kuzuia huridhika na mitano. Na takwimu hazihesabu mitupo ambayo wapinzani waliogopa kuirusha. Mwaka huohuo timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.