Hema la Familia Lichaguliwe kwa Hesabu, Si kwa Lebo

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, baadhi ya wazazi na walimu wenzangu huniuliza swali lile lile: ni hema lipi linaloifaa familia ya watu watano itakayo kulala siku mbili tatu kando ya Ziwa Naivasha au kwenye miteremko ya Mlima Kenya? Nafurahi kila ninapoulizwa, kwa maana kupiga kambi si anasa ya mtalii peke yake. Mtoto wa Kenya naye anastahili kuzijua nyika na misitu ya kwao kabla hajasimuliwa na wageni.

Linalonikera ni namna tunavyolinunua hema lenyewe. Mnunuzi huingia dukani, akapendezwa na rangi, akasoma kwamba hema ni la "watu 6" na la "misimu mitatu", akauliza bei, akalipa. Kwa maoni yangu, maneno hayo mawili ya kwenye lebo ndiyo yanayotuponza, nayo yafaa kuchambuliwa.

Tuanze na misimu. Lebo hiyo iliandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini zenye majira manne. Misimu mitatu inayotajwa ni ya machipuko, ya joto na ya majani kupukutika. Wa nne, ulioachwa nje, ni wa baridi kali na theluji. Sisi hatuna majira hayo. Tuna masika ya Machi hadi Mei, baridi ya Juni hadi Agosti, vuli ya Oktoba hadi Disemba, na kiangazi cha Januari na Februari. Hema la misimu mitatu latutosha karibu kila mahali, isipokuwa kule juu kabisa Mlima Kenya kwenye theluji na barafu. Hata hivyo, kutosha kwake kwategemea jinsi litakavyostahimili mvua yetu, jua letu la ikweta na usiku wa baridi wa nyanda za juu.

Ama kuhusu idadi ya watu, hesabu ni nyepesi. Aghalabu watengenezaji humkadiria kila mlalaji upana wa sentimita 60 hivi. Sakafu ya sentimita 240 basi huitwa ya watu 4. Lakini 60 ni nafasi ya mtu aliyelala chali bila kugeuka, bila begi wala viatu. Ukimpa kila mmoja sentimita 80, hema hilo hilo huwa la watu 3. Kwa hiyo familia ya watu watano na itafute hema lililoandikwa watu 7 au 8, au inunue mawili madogo. Mimi napendelea mawili pale ambapo watoto wamebalehe, kwani staha nayo ni sehemu ya malezi.

Sasa mvua. Hema zuri huwa na tarakimu inayoonyesha uwezo wa kitambaa kuzuia maji, kwa milimita. Ikiwa ni 3,000, maana yake kitambaa kilihimili uzito wa nguzo ya maji yenye kimo cha mita 3 kabla ya kuvuja. Nashauri paa lisipungue 2,000, na sakafu isipungue 3,000, kwa sababu magoti na viwiko huikandamiza juu ya ardhi iliyolowa. Hakikisha pia kwamba mishono imezibwa, na kwamba kifuniko cha nje kinashuka karibu na ardhi. Kitambaa cha poliesta hustahimili miale ya jua kuliko nailoni, tena hakilegei sana kikilowa.

Isitoshe, hema ni lazima lipumue. Watu watano wakilala humo, mvuke wa pumzi zao hugeuka umande kwenye kuta, na asubuhi wenye hema hudhani limevuja. Dawa yake ni hema la tabaka mbili, lenye madirisha ya wavu yatakayozuia mbu pia. Ukienda penye upepo mkali, kama Ngong au ukingoni mwa Ziwa Turkana, jihadhari na hema refu la kusimama wima, maana hushika upepo kama tanga. Fito za aluminiamu ni ghali kuliko za fibaglasi, lakini hazipasuki upesi.

Nije kwenye jambo linaloniogofya kuliko yote. Baridi ya usiku inapozidi, wako wanaoingiza jiko la makaa hemani. Wasifanye hivyo kamwe, hata kama makaa yamefunikwa majivu. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kinga ya baridi ni blanketi, nguo kavu na godoro au mkeka mnene chini ya mwili.

Vilevile hema bora halimwokoi aliyelisimika mahali pabaya. Mei 2024, Mto Talek ulipovunja kingo zake katika Maasai Mara, kambi kadhaa za watalii zilifurika na watu wakaokolewa kwa helikopta. Mkondo wa mto uliokauka ni kitanda cha mchanga kinachovutia, lakini mvua yaweza kunyesha mbali milimani na maji yakakufikia chini ya anga lenye nyota. Tafuta mwinuko. Tahadhari kabla ya hatari.

Walimu wenzangu, somo hili li mikononi mwetu. Wapeni wanafunzi utepe wa kupimia, wakokotoe eneo la sakafu, waeleze umande unatoka wapi na tarakimu ile ya milimita ina maana gani. Kisha wiki moja kabla ya safari, simikeni hema uwanjani, mlimwagie ndoo kadhaa za maji, mwingie ndani mtazame. Tone litakaloonekana hapo shuleni ni mshono wa kuzibwa tu. Likionekana usiku wa manane mlimani, litakuwa mtoto anayetetemeka, na duka lililouza hema hilo litakuwa mbali sana.