Theluji itakwenda wapi? Swali la kwanza kwa anayenunua kifaa cha trakta Quebec

Saa tisa ya usiku mjini Sherbrooke, jimbo la Quebec nchini Kanada, ni saa nne ya asubuhi mjini Goma wakati wa baridi. Ni saa ambayo trakta zenye taa za kuwakawaka hupita mtaa kwa mtaa zikisafisha njia za kuingilia magari kabla wenye nyumba hawajaamka kwenda kazini. Kwa Mkongomani anayeishi huko, Sherbrooke, Gatineau au Montréal, hii ni moja ya kazi zinazoweza kumpa mtu mapato yake mwenyewe. Lakini trakta peke yake haiondoi theluji. Kinachoiondoa ni kifaa kinachofungwa mbele au nyuma yake, na hapo ndipo akiba ya miaka mingi inaweza kupotea kwa ununuzi mmoja.

Msomaji ambaye theluji pekee anayoijua ni ile ya vilele vya Ruwenzori anaweza kuona jambo hili ni dogo. Hesabu inaonyesha vingine. Mji wa Québec hupata karibu mita 3 za theluji kwa mwaka wa kawaida, na baridi ya 2007-2008 ilipita mita 5. Chukua njia ya parseli moja yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 6. Ikianguka theluji ya sentimita 30 usiku mmoja, hapo pana mita za ujazo 27. Theluji mpya na kavu yenye kilo 100 kwa kila mita ya ujazo itatoa tani 2.7. Ikiwa imelowa na kufikia kilo 300, ni zaidi ya tani 8. Hiyo ni nyumba moja tu, na mwenye trakta ana orodha ya nyumba nyingi kabla ya jua kuchomoza.

Mkataba hauangalii mawingu

Katika miji mingi ya Quebec, mwenye nyumba hulipa bei moja kwa msimu mzima, mara nyingi kabla theluji haijaanza. Ikianguka kidogo, mwenye trakta amepata. Ikianguka mara tatu kwa juma, bei haibadiliki, na kila lita ya mazutu na kila saa ya usiku inatoka mfukoni mwake. Anayekosea kuchagua kifaa hawezi kumrudia mteja Januari kumwomba aongeze pesa.

Kuna jambo la pili ambalo mgeni hulijua kwa kuchelewa. Manispaa nyingi zinakataza kusukuma theluji ya parseli hadi barabarani, na anayekamatwa hulipa faini. Kuirundika kwa jirani bila ruhusa nako ni kuanzisha ugomvi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza trakta ina nguvu za farasi ngapi, mtu aulize theluji itakwenda wapi. Muuzaji mara nyingi huanzia upande mwingine, kwa sababu nguvu za farasi ndizo zinazopandisha bei.

Kusukuma: rahisi hadi nafasi iishe

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ni bamba la chuma linalofungwa nyuma ya trakta. Wakebeki huliita "gratte", sawa na lile la mbele. La nyuma halina mitambo mingi na haliharibiki ovyo. Kasoro yake ni kwamba magurudumu hupita kwanza juu ya theluji na kuishindilia, kisha bamba hupita juu ya kitu kilichokwisha kuwa kigumu. Mahali penye baridi ya kweli, michirizi hiyo huganda na kubaki hadi Machi.

Bamba la mbele linafanya kazi vizuri zaidi. Dereva anaona anachosukuma, na likiwa na haidroliki analigeuza kushoto au kulia bila kushuka. Kwa theluji ya sentimita 10 au 15 hakuna kifaa chenye haraka kuliko hicho. Kwenye maegesho ya duka au ya kanisa, lile lenye kuta mbili pembeni, mithili ya sanduku lisilo na upande wa mbele, hubeba mzigo mkubwa bila kuumwaga njiani.

Shida huja polepole. Theluji iliyosukumwa haiondoki, inahama tu. Kingo za njia hupanda juma kwa juma, huganda, na njia iliyokuwa ya magari mawili Desemba inakuwa ya gari moja Februari. Trakta ndogo haina uzito wa kutosha kuusogeza ukuta wa barafu. Aliyekuwa na nyumba kumi zenye bustani pana hatapata tabu. Aliyekuwa na nyumba kumi zilizobanana atakwama katikati ya msimu, wateja wakiwa wamekwisha kulipa.

Wengine hujaribu kutumia kijiko cha mbele kilichokuja na trakta, kwa kuwa hakihitaji ununuzi mwingine. Kinafaa kuhamisha lundo au kuvunja ule ukuta mgumu ambao mashine za manispaa huuacha kwenye mdomo wa njia. Kusafishia njia nzima, kijiko baada ya kijiko, ni kupoteza usiku.

Kurusha: mashine iliyozaliwa Quebec

Pale ambapo hakuna mahali pa kusukumia, kinachobaki ni kurusha. Mkebeki Arthur Sicard alitengeneza mashine yake ya kurusha theluji mwaka 1925, na 1927 akaiuzia manispaa ya Outremont, ambayo leo ni sehemu ya Montréal. Ya trakta inafuata kanuni ya namna hiyo: parafujo kubwa huvuta theluji hadi katikati, feni ya chuma huipokea na kuitupa nje kupitia bomba linalogeuzwa upande wowote. Huko huitwa "souffleuse". Inatupa theluji mita kadhaa juu ya kingo, kwa hiyo njia haipungui upana.

Inaendeshwa na mhimili unaotoa nguvu ya injini nje ya trakta, ule ambao mafundi huuita "prise de force". Wa nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika kwenye trakta nyingi. Mahali pa kuifunga mashine hii ndipo penye mjadala mkubwa, na ndipo pesa nyingi zinapoingia.

Ikifungwa mbele, dereva anatazama mbele kama kawaida na magurudumu yanapita mahali palipokwisha kusafishwa. Kwa starehe hakuna inayoishinda. Lakini inataka trakta yenye mhimili wa nguvu wa mbele au wa tumboni, pamoja na vyuma vya kuiunganisha. Bei yake inapanda sana, na mara nyingi kijiko lazima kivuliwe.

Ya nyuma ya kawaida ni ya bei nafuu na inaingia kwenye trakta nyingi, ila dereva hufanya kazi akirudi nyuma, shingo imegeuka usiku kucha. Kwa nyumba moja ni jambo la kuvumilia. Kwa nyumba thelathini mwili utakataa.

Wanaofanya kazi hii kwa mikataba Quebec wengi wamechagua namna ya tatu: mashine ya nyuma iliyogeuzwa, mdomo wake ukielekea mbele. Dereva hurudi nyuma mashine ikiwa imeinuliwa, hadi karibu na mlango wa garaji, anaishusha, kisha anakwenda mbele huku ikikokota theluji na kuirusha pembeni. Mlangoni hakubaki kitu cha kumalizia na beleshi. Ndiyo maana kazi ya nyumba moja inaweza kuisha kwa dakika chache. Kwa mtu anayeanza na mikataba ya mitaa iliyobanana, hii ndiyo yenye hesabu nzuri, hata ikiwa imetumika.

Namba za kusoma kabla ya kulipa

Karatasi ya kila mashine ya kurusha hutaja nguvu za farasi za chini na za juu inazokubali. Ni lazima zilinganishwe na nguvu inayofika kwenye mhimili, ambayo ni ndogo kuliko ile ya injini iliyoandikwa ubavuni mwa trakta. Nguvu ikipungua, theluji iliyolowa huziba bomba. Ikizidi, gia za mashine huvunjika. Upana nao usipungue upana wa magurudumu kutoka nje hadi nje, la sivyo trakta itakanyaga theluji isiyosafishwa kila inapopita.

Njia ya lami na ya changarawe hazitendewi sawa. Kwenye changarawe, viatu vya chuma vilivyo chini ya mashine huteremshwa kidogo ili parafujo iinuke na isiokote mawe. Jiwe likitoka kwenye bomba lile linavunja dirisha la mteja, au zaidi ya dirisha. Minyororo ya magurudumu na uzito wa ziada upande usio na kifaa vinahesabiwa pamoja na bei ya kifaa, kwa sababu bila hivyo trakta huteleza ikiwa na nguvu zake zote. Trakta yenye mwendo wa haidroliki inafaa zaidi kwa kurusha: dereva anapunguza mwendo bila kupunguza mzunguko wa feni.

Kuna bolti ndogo ambayo imetengenezwa ikatike parafujo inapokwama kwenye barafu au gazeti lililoganda. Anayeibadilisha kwa bolti ngumu ili asishuke kila mara kwenye baridi anaokoa dola chache na kuvunja sanduku la gia. Bolti za akiba hukaa ndani ya kabini.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye bomba lililoziba. Mkono hauingizwi humo hata mashine ikiwa imezimwa, kwa kuwa feni iliyobanwa inaweza kuzunguka ghafla mara theluji inapoachia. Mhimili unazimwa, injini inazimwa, ufunguo unatolewa, dereva anangoja hadi kila kitu kisimame, kisha anatumia fimbo. Vidole vingi vimepotea kwa haraka ya dakika moja. Wakati wa mchana kuna watoto pia, ambao hupenda kuchimba mapango ndani ya malundo ya theluji kando ya njia, mahali ambapo dereva hawezi kuwaona.

Ununuzi wenyewe ufanyike mapema. Mashine zilizotumika hupatikana kwa bei ya kuzungumzika baada ya msimu, Aprili na Mei, wakati wanaoacha kazi wanauza. Ifungwe na kujaribiwa kabla ya Novemba, mwezi ambao vijiti vya alama hupigwa kandokando ya njia za wateja ardhi ikiwa bado haijaganda. Desemba mafundi wana foleni, na mteja aliyelipa hasubiri kipuri.