Drafti ya fantasi: Ukienda Namungo tazama kazi, jina baadaye

UKITAMKA neno drafti kwenye kijiwe chochote cha Likunja, mtu atanyoosha mkono kuvuta ubao na vizibo vya soda. Ni haki yake. Lakini kwa kijana ambaye bando lake la wiki linaishia kwenye Ligi Kuu England, drafti ni kitu kingine kabisa. Watu mnakaa chini, mnachagua wachezaji kwa zamu, na ukishamtaja Bukayo Saka basi Saka ni wako. Wenzako watabaki kumtazama tu akikufungia.

Hapo ndipo drafti inapoachana na ile fantasi ya kawaida ya pauni milioni 100, ambayo hata kijiwe kizima kinaweza kuwa na straika yuleyule. Kwenye drafti hakuna bajeti, kuna zamu. Na zamu inakwenda kama nyoka: aliyechagua wa mwisho raundi ya kwanza ndiye anayeanza raundi ya pili.

Sasa uhamishie mchezo huo Ligi Kuu Bara. Timu 16, wachaguaji wanane, kila mmoja anataka wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Hao ni wachezaji 120. Ungegawa sawasawa, kila timu ingetoa saba au nane, lakini haitakuwa hivyo. Simba, Yanga na Azam zitakombwa karibu vikosi vizima, na zilizobaki zitagombaniwa kwa mmojammoja.

Mtu wa Ruangwa anaingia kwenye kikao hicho na mtihani ambao wa Kariakoo hana. Namungo ni yake. Uwanja wa Majaliwa ni wake. Anatamani amtaje mchezaji wa Wauaji wa Kusini zamu ya kwanza kabisa, na wenzake saba wanaomba afanye hivyohivyo, maana atakuwa amewaachia mtu wa Yanga au Simba bure.

Pointi zinatoka wapi

Kwanza mkubaliane hesabu kabla hajatajwa mtu, la sivyo mtagombana mechi ya tatu. Njia rahisi ni kukopa ya England. Mchezaji akigusa uwanja anapata pointi moja, akifikisha dakika 60 anapata mbili. Bao la straika ni pointi nne, la kiungo tano, la beki sita, la kipa 10. Asisti ni tatu. Kipa na beki wakitoka bila timu yao kuruhusu bao wanapewa nne, kiungo anapewa moja. Kipa akiokoa mashuti matatu anaongezewa moja, akipangua penalti ni tano. Kadi ya njano inakata moja, nyekundu tatu, na timu ikiruhusu mabao mawili, kipa na beki wake wanakatwa moja.

Yupo atakayeuliza nani atahesabu mashuti yaliyookolewa. Jibu ni daftari. Mmoja anatazama kwenye king'amuzi, mwingine anasikiliza redio, jioni mnalinganisha. Asisti ndizo zitakazoleta kelele, hivyo mteueni mapema mtu mmoja ambaye neno lake ni la mwisho. Awe shabiki wa timu isiyowahusu.

Ukizisoma pointi hizo vizuri utaona haziulizi mchezaji ni maarufu kiasi gani. Zinauliza alicheza dakika ngapi, anasimama wapi, na mpira uliokufa anaupiga nani. Kwa timu ya ukubwa wa Namungo hilo ndilo la kutazama, na mifano ipo. Iliyotumika hapa ni ya misimu iliyokwisha, kwa sababu vikosi hubadilika kila dirisha lakini matokeo ya zamani hayabishaniwi.

Beki aliyewazidi washindi

Namungo ilipanda daraja mwaka 2019 na msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, chini ya kocha Hitimana Thierry, ikamaliza ya nne. Siyo hilo tu, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Agosti 2, 2020, pale Nelson Mandela mjini Sumbawanga, Simba ilishinda 2-1. Luis Miquissone na John Bocco waliifungia Simba. Bao la Namungo lilifungwa na beki wa kushoto, Edward Charles Manyama.

Ipige mechi hiyo kwenye hesabu ya fantasi, ukiacha asisti na kadi. Bocco, straika, anapata nne za bao na mbili za dakika, jumla sita. Miquissone, kiungo, anapata tano na mbili, saba. Manyama anapata sita za bao na mbili za dakika, anakatwa moja kwa mabao mawili yaliyoingia, anabaki na saba. Yaani beki wa timu iliyofungwa anamzidi straika wa bingwa na kulingana na Miquissone. Kombe lilikwenda Msimbazi, lakini aliyekuwa na Manyama kwenye daftari lake angelala vizuri.

Na haikuwa bahati ya siku moja. Januari 2021 kwenye fainali za CHAN kule Cameroon, Taifa Stars ilipotoka 2-2 na Guinea, Manyama alikuwa mmoja wa wafungaji wawili wa Tanzania. Mwingine alikuwa Baraka Majogoro, kiungo. Beki wa pembeni mwenye tabia ya kuingia kwenye boksi la wapinzani ni mali kwenye drafti, na uzuri wake ni kwamba watu humkumbuka mwishomwisho, wakishamaliza kugombania mastraika.

Ndiyo maana anayechagua kutoka Namungo aanze kutazama pembeni mwa ulinzi. Beki gani anapanda? Nani anakwenda kwenye kona na nani anabaki nyuma kulinda? Beki wa kati asiyepanda anategemea mechi za bila kuruhusu bao pekee, na timu ya katikati ya msimamo haizipati kila wiki.

Straika mwenye mzigo wote

Kwa washambuliaji, mfano wa Ruangwa ni Reliants Lusajo. Alikuwepo kwenye msimu ule wa nafasi ya nne, akaenda KMC, kisha akarudi na msimu wa 2021/22 akafunga mabao 10 ya ligi. Mfungaji bora msimu huo alikuwa George Mpole wa Geita Gold kwa mabao 17, akifuatiwa na Fiston Mayele wa Yanga aliyekuwa na 16.

Mabao 10 kwa pointi nne ni pointi 40, kabla hujahesabu dakika. Wapo washambuliaji wa timu kubwa ambao hawafiki huko, si kwa sababu hawajui mpira, ila wanapokezana. Leo kaanza huyu, keshokutwa yule, mara kocha anapumzisha watu kwa ajili ya mechi ya Caf. Straika namba moja wa timu kama Namungo hana wa kupokezana naye. Akiwa mzima anacheza. Mpira mrefu unamtafuta yeye, krosi inamtafuta yeye. Timu ikifunga mabao machache, sehemu kubwa ya hayo machache ni yake.

Hapa ndipo jina linapodanganya. Meddie Kagere alikuwa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo akiwa Simba, mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu wa 2019/20. Kwenye dirisha dogo la Januari 2024 akatua Namungo. Ukilisikia jina hilo kwenye kikao cha drafti mkono unajinyanyua wenyewe. Lakini mabao yale ya Simba yalikuwa na watu nyuma yake, akina Clatous Chama na wenzake waliokuwa wakimwekea mpira mguuni mechi baada ya mechi. Straika anahama na mabegi yake, wapishi wanabaki. Kwa hiyo mkongwe wa namna hiyo siyo wa kukataa, ila ni wa raundi za chini. Erasto Nyoni naye alipotoka Simba kwenda Namungo mwaka 2023 hesabu ilikuwa ileile: uzoefu wake ni faida kubwa kwa kocha, lakini fantasi haina pointi ya uzoefu.

Jina kubwa linalostahili kupandishwa zamu ni la mpigaji wa mipira iliyokufa. Shiza Kichuya naye aliwahi kuvaa jezi ya Namungo. Huyu ndiye aliyewafunga Yanga kwa kona ya moja kwa moja Oktoba 1, 2016, Simba ikasawazisha na mechi kuisha 1-1. Mguu wa namna hiyo kwenye timu ndogo unakusanya asisti kimyakimya, maana kona haina habari na ukubwa wa timu.

Majaliwa siyo Chamazi

Kuna jambo ambalo mtu wa Likunja analijua kuliko wachaguaji wa Dar: Namungo ya nyumbani na ya ugenini usizihesabu kama timu moja. Wageni wanasafiri mamia ya kilometa kushuka kusini. Na Namungo ilipokuwa ikienda Bukoba ilivuka nchi nzima kutoka kona moja hadi nyingine, anayewahi kusafiri kwa basi anaelewa miguu inakuwaje.

Kombe la Shirikisho Afrika la 2020/21 linaonyesha kinachotokea ukiondoa nyumbani. Mechi zao za "nyumbani" zilichezwa Dar es Salaam. Februari 2021, chini ya Hemed Suleiman 'Morocco', waliichapa 1º de Agosto ya Angola 6-2 pale Chamazi, kisha wakafungwa 3-1 palepale, wakapita kwa jumla ya 7-5. Ukiwa na straika wao wiki ile unacheka. Ukiwa na kipa au beki, umekula mabao matano ndani ya mechi mbili na kukatwa juu yake. Walipoingia makundi na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, hawakupata pointi hata moja.

Kwa hiyo kipa wa Namungo, hata awe wa kiwango cha Jonathan Nahimana aliyekwenda Afcon ya 2019 na Burundi kisha akadaka Ruangwa, achukuliwe kama kipa wako wa pili. Siku ya Majaliwa mwanzishe. Siku ya Simba, Yanga au safari ndefu mweke benchi, ingawa kwenye mechi kama hizo kuokoa mashuti kunaweza kumrudishia pointi moja mbili. Na usichukue kipa na mabeki wawili wa timu hiyohiyo. Bao moja la dakika ya 88 litakufuta kote.

Dirisha linauma

Hasara kubwa ya kumchagua mtu wa Namungo haiko uwanjani. Baada ya msimu ule mzuri wa 2019/20, Lusajo alikwenda KMC na Manyama akaenda Ruvu Shooting. Ndivyo ilivyo kwa timu za saizi hii, ukimea vizuri unavunwa. Kwenye drafti anayehama bado ni wako, lakini akihamia kwa wakubwa Januari na kuanza kula benchi, umebaki na jezi tupu. Mkubaliane mapema kama dirisha dogo linaruhusu kubadilisha mchezaji mmoja au wawili. Msimu wa korosho ukiwa umeisha wakati huo, huenda hata wenye kijiwe wakawa wapole.

Kwa mpangilio wa zamu: mpaka raundi ya tatu, acha moyo nyumbani na chukua wa timu kubwa wenye uhakika wa namba. Straika namba moja wa Namungo, hasa akiwa ndiye mpiga penalti, anafaa kuanzia raundi ya nne au ya tano. Mpiga kona raundi ya saba. Beki wa pembeni anayepanda, raundi ya nane, labda ya tisa kama kijiwe chako hakina mwingine aliyewahi kukaa jukwaani Majaliwa. Akiwepo, muwahi. Kipa ni raundi ya 14.

Na kama drafti yenu mnaifanya baada ya mechi ya kwanza ya msimu, nenda Majaliwa na kalamu. Kona ya kwanza ikipatikana usiufuate mpira, tazama nani anakimbilia kibendera na beki gani anapita katikati ya uwanja kwenda mbele. Andika namba ya mgongoni.