Unasoma Nini Sasa, na Kisha Utasoma Nini?

Katika sehemu zetu za Tarime na Serengeti watu wakikutana njiani huulizana habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua. Hapa bwenini iko salamu nyingine inayofuata hizo. Mtu akikuona umeketi chini ya mti na kitabu hukuuliza, "Unasoma nini?" Nawe ukiisha kumjibu, hukuuliza tena, "Kisha?" Maswali hayo mawili ndiyo yaliyozaa chama chetu kidogo cha wasomaji. Mimi namaliza kidato cha nne mwaka huu. Kabla sijaondoka napenda kueleza jinsi chama hiki kinavyokwenda, ili wadogo zetu wasianze upya, na wazazi wapate kujua watoto wao hufanya nini Jumapili alasiri nguo zikiisha kufuliwa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba vitabu ni vichache na wasomaji ni wengi. Kitabu cha hadithi huwa na nakala moja, pengine mbili. Haiwezekani basi kila mtu asome anachotaka siku anayotaka. Sharti tupokezane, na kupokezana kunataka utaratibu. Tunalo daftari moja. Ukurasa wa kushoto huandikwa kitabu na jina la aliye nacho. Wa kulia huandikwa wanaongoja, kwa zamu. Mwenye kukipoteza hukilipa, na mwenye kukunja kurasa hukemewa mbele ya wote.

Tukikutana twakaa duara, na kila mmoja husema mambo manne. Kwanza, jina la kitabu na la mtungaji. Pili, amefika ukurasa gani. Tatu, habari yenyewe inahusu nini. Nne, jambo moja asilolielewa au asilokubaliana nalo. Hilo la nne ndilo lenye faida kuliko yote. Mtu akisema, "Ni kitabu kizuri sana," hajatuambia kitu. Lakini mwenzetu mmoja wa kidato cha pili, alipokuwa akisoma Kusadikika cha Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alituuliza kwa nini mtu ashtakiwe kama mhalifu kwa sababu tu anataka watu wafundishwe sheria. Mabishano yakachukua saa nzima, hata kengele ya chakula ikatukuta hatujamaliza. Jioni ile watu watano wakaandikisha majina yao wapewe kitabu kile.

Sasa nitaungama kosa langu, maana kanuni yetu kubwa ilitokana nalo. Nilipokuwa kidato cha pili nilipata zamu ya Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, kilichopigwa chapa mwaka 1960. Ni hadithi ya mauaji huko Unguja, na mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko mdomoni. Nilikisoma kwa siku tatu, nikakimaliza usiku wa Jumamosi. Jumapili, kwa furaha yangu, nikaeleza habari yote tangu mwanzo hata mwisho, na muuaji nikamtaja kwa jina. Walikuwapo watu tisa waliokuwa wakingoja zamu. Wiki iliyofuata saba walifuta majina yao. Kaka mmoja wa kidato cha nne akaniambia, "Umekula chakula cha watu tisa, nawe hukushiba zaidi." Nikashikwa na haya kubwa. Tangu siku hiyo tukakata shauri: mwisho wa kitabu hausemwi. Nami jina langu likawekwa chini kabisa ya kila orodha kwa muhula mzima.

Baada ya kuambizana tunayosoma, huja shauri la kitabu kitakachofuata. Hapa watu hufikiri ni kazi rahisi, kumbe ndipo penye ugomvi. Sisi hufanya hesabu kwanza. Kitabu chenye kurasa 180, mtu akisoma kurasa 20 kwa siku, humchukua siku 9. Wakiwa wasomaji kumi kwa nakala moja, ni siku 90, yaani miezi mitatu, na muhula umekwisha. Kwa hiyo kitabu kinene chenye nakala moja hatukipokezani, bali mmoja hukisoma kwa sauti na wengine husikiliza.

Hesabu ikiisha twapiga kura. Kila kitabu kilichotajwa huwekewa kikombe cha bati, na kila mwanachama hupewa punje tatu za mahindi. Aweza kuzitia zote katika kikombe kimoja, au kuzigawa. Njia hii ni bora kuliko kunyosha mikono, maana mkono hauonyeshi nani anakitaka kitabu sana na nani anafuata rafiki yake tu.

Mwaka jana vikombe viwili vilikaribia sana kulingana. Kimoja kilikuwa cha tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1959, juu ya kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege. Michael mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege hiyo mwezi Januari mwaka ule. Cha pili kilikuwa Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu. Kaizari akashinda kwa punje mbili. Tuligawana watu wa mchezo, nakala moja ikapita mkono kwa mkono, na aliyekuwa Bruto alikohoa kila alipofika penye maneno mazito. Jambo lililonishangaza ni kwamba Mwalimu alikwisha kutoa tafsiri hiyo mwaka 1963, kisha akairudia na kuitengeneza, ikatoka tena mwaka 1969. Mtu aliyekuwa na nchi nzima ya kutawala aliona si aibu kurudia kazi yake. Tangu hapo, mtu akiulizwa "Kisha?" anaruhusiwa kujibu, "Nakisoma hiki hiki mara ya pili."

Kitabu cha Grzimek kilifuata. Mwenzetu mmoja wa kutoka Mugumu alisikiliza, kisha akasema kwamba babu yake angeyasimulia mambo ya pori lile kwa njia nyingine kabisa. Neno hilo nalikumbuka hata leo.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni kupoteza wakati. Sitawacheka, maana muhula mmoja alama zangu za hesabu zilishuka, na mwalimu alinionyesha karatasi yangu bila kusema neno. Likizoni baba akaniuliza, "Hivyo vitabu vyako vitaulizwa katika mtihani?" Nilijibu kuwa havitaulizwa. Akasema, "Basi." Kwa hiyo tumeweka mpaka: wa kidato cha nne husoma hadithi Jumapili tu, na mwezi wa Septemba huacha kabisa.

Walakini likizo hiyo hiyo nilikuwa nimechukua kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitereza alikitunga kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, wala hakupata mtu wa kukichapa. Akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili. Kilitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Ni habari ya mtu na mkewe wasiopata mtoto, na jinsi mke alivyochukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango ya ukweni.

Nilianza kumsomea bibi yangu jikoni baada ya chakula cha jioni. Bibi hakupata kwenda shule. Kiswahili hukisikia vizuri, na penye neno gumu nilimpa la Kikurya. Tulipofika mahali mume anapotozwa pombe ya ndizi na wakwe zake ili amrudishe mkewe, bibi alicheka sana, akasema, "Pombe tu? Kwetu wangetaja ng'ombe." Kila jioni aliniuliza, "Tuliishia wapi?" Jioni ya nne niliona kigoda cha baba kimesogea karibu na mlango wa jiko.

Kitabu ni kirefu, likizo ikaisha hatujafika hata nusu. Nacho hakikuwa changu, mwenye zamu alikuwa akikingoja shuleni. Asubuhi ya safari bibi alinishika mkono, akauliza, "Yule mwanamke atazaa?" Nikakumbuka kanuni yetu, nikamwambia, "Bibi, mwisho hausemwi." Akaniachia mkono. Akasema, "Mjukuu wangu, ninyi mnangoja zamu. Mimi nangoja nini?"

Nilinyamaza kwa muda, kisha nikamwambia kwamba atazaa, tena wawili, Ntulanalwo na Bulihwali. Bibi akaitikia kwa kichwa, akasema, "Vema. Sasa ukirudi utanieleza ilikuwaje." Hapo nikafahamu jambo ambalo kosa langu la kidato cha pili halikunifundisha. Wale tisa niliwanyang'anya kwa kuwaambia wasiloniuliza. Bibi ningemnyang'anya kwa kumficha aliloniuliza. Niliporudi niliwaeleza wenzangu, tukabishana Jumapili mbili, tukaongeza maneno katika daftari: mwisho hausemwi, ila kwa yule anayeuliza naye hana njia ya kukipata kitabu.

Kwa wadogo zangu nasema hivi. Msiulizane "Unasoma nini?" kwa kujionyesha, kama mtu aonyeshaye viatu vipya. Ulizaneni ili kitabu kipate msomaji wa pili. Na mnapopiga kura, msiwasahau walio nyumbani wasiojua kusoma, maana nao wana zamu yao.

Mtihani ni mwezi wa Novemba. Daftari nimekwisha kulikabidhi kwa kidato cha tatu. Jina langu nimeliandika mara moja ya mwisho, chini ya kitabu cha Kitereza, kwa ajili ya Desemba. Ukurasa tulioishia nimeutia alama kwa kipande cha karatasi, si kwa kukunja. Yeyote atakayekuwa nacho siku hiyo tafadhali akirudishe kwa wakati, kwa kuwa yuko mtu anayenisubiri jikoni.