Kioo Kikiwa Kikubwa, Kazi Ni Kukibeba

Kazi ya kwanza ya kioo cha darubini ni kukusanya mwanga. Kukuza picha huja baadaye. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, ilhali kioo chenye kipenyo cha mita 1 hupokea mwanga mara 20,000 zaidi. Hapo ndipo uraibu wa kujitengenezea darubini unapoanzia. Kuna walimu, maseremala na wastaafu ambao hutumia miaka gerejini kutengeneza darubini ambazo chuo kingezionea fahari.

Uraibu wenyewe ni wa zamani. William Herschel, mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath, Uingereza, aliigundua sayari ya Uranus mwaka 1781 kwa darubini aliyoiunda mwenyewe. Mwaka huohuo alijaribu kumimina kioo cha futi 3 ndani ya nyumba yake. Enzi hizo vioo vya darubini vilikuwa vya shaba na bati, na kalibu ya Herschel ilikuwa ya udongo uliochanganywa na samadi ya farasi. Kalibu ikavuja, madini ya moto yakatapakaa sakafuni, mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka hadi darini. Herschel na mafundi wake wakatoka mbio.

Leo tunasaga bamba nene la kioo, na kusaga kwenyewe kunahitaji subira kuliko akili nyingi: maji, unga mgumu wa kusagia, mkono unaokwenda na kurudi, kisha kung'arisha kwa lami. Kioo cha mita 1 chenye fokasi ya mita 4 huchimbwa katikati kina cha milimita 16 tu. Ugumu uko kwenye umbo la mwisho, ambalo halitakiwi kukosea zaidi ya sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele. Kipimo chake alikibuni Mfaransa Léon Foucault katika miaka ya 1850: taa ndogo, ukingo wa wembe na jicho lako. Weka kidole gumba juu ya kioo kwa muda mfupi, kiondoe, kisha tazama kwa kipimo hicho. Pale palipoguswa utaona kilima kimevimba kwa joto la kidole, nacho hushuka polepole kadiri kioo kinavyopoa.

Sasa, kama joto la kidole linatosha kuharibu umbo, uzito wa kioo chenyewe je? Ongeza kipenyo mara mbili bila kuongeza unene, na kioo kitanepa mara 16 zaidi. Ukiongeza unene, unapata jiwe lisilobebeka na lisilopoa usiku kucha. Mafundi wengi huchagua kioo chembamba, na kukilaza juu ya nukta 18 au 27 za vitegemeo vinavyobembea na kugawana mzigo sawasawa, kama watu wanaobeba jeneza. Nyuma yake huwekwa feni ya kukipoza.

Aliyefanya haya yawezekane kwa mtu wa kipato cha kawaida ni John Dobson, mtawa wa Vedanta huko California, aliyesaga vioo kwa siri kutokana na vioo vya madirisha ya meli hadi alipofukuzwa kwenye monasteri mwaka 1967. Badala ya mitambo ya chuma alitumia sanduku la plaiwudi linalozunguka juu ya vipande vya tefloni. Unasukuma kwa mkono, darubini inakwenda, unaacha, inasimama.

Mwaka 2013 dereva mmoja wa lori huko Utah alionyesha darubini yenye kioo cha inchi 70, kilichokusudiwa awali kwa satelaiti ya kijasusi. Kioo kilimfikia kikiwa tayari. Kilichobaki kwake ni fremu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu ngumu zaidi.

Mwanaastronomia Lord Rosse alikuwa na kioo kinachokaribiana na hicho huko Birr, Ireland, mwaka 1845, na ndiye wa kwanza kuiona mikono iliyojisokota ya galaksi ya M51. Chake kilikuwa cha madini, kilipoteza sehemu kubwa ya mwanga na kufifia upesi. Kwa kioo cha kisasa cha sentimita 40, mbali na taa za mji, mikono hiyohiyo inaonekana.