Amil Shivji: mtengenezaji wa filamu huru ni nani, na anatuhusu vipi Tabora?

Msikilizaji wetu, kama ulisoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita, yawezekana unawakumbuka Yasmin na Denge wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi. Huenda hujui kwamba tangu 2021 hadithi hiyo ipo pia kwenye filamu, na aliyeiongoza ni Mtanzania, Amil Shivji.

Filamu huru ni ipi?

Ni ile ambayo muongozaji hafanyi kazi chini ya kampuni kubwa inayomwamulia hadithi, waigizaji na mwisho wake. Uhuru huo una gharama. Fedha za kamera, usafiri, chakula cha waigizaji na uhariri anazitafuta mwenyewe, kwa hiyo filamu moja inaweza kumchukua miaka.

Shivji ni nani?

Ni mtoto wa Profesa Issa Shivji, mwanasheria aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alisomea filamu Chuo Kikuu cha York, Kanada, kisha akaanzisha Kijiweni Productions jijini Dar es Salaam. Jina hilo linaeleza kazi zake: anawasimulia watu wa kijiweni. Filamu fupi ya Shoeshine (2013) inamhusu mng'arisha viatu. Samaki Mchangani ikafuata 2014. Mwaka 2017 filamu yake ndefu, T-Junction, yenye maisha ya watu wa njia panda jijini Dar es Salaam, ilifungua Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF.

Vuta N'kuvute ilifika wapi?

Filamu hiyo inaturudisha Unguja ya miaka ya 1950, ukoloni wa Mwingereza ukielekea ukingoni. Yasmin anaikimbia ndoa aliyopangiwa. Denge anapigania uhuru. Ilioneshwa Tamasha la Toronto 2021, na 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Haikuingia kwenye orodha ya mwisho, lakini nchi yetu haikuwa imepeleka filamu huko tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, 2001.

Sisi tunahusikaje?

Tabora ina hadithi za kutosha: Mtemi Mirambo, misafara ya pembe na watumwa, tembe la Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Lakini sehemu kubwa ya yaliyoandikwa enzi hizo yametoka kwa wageni waliopita. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo hadi pwani ametajwa kwa idadi tu, mara nyingi bila jina. Asipopatikana mtu wa hapa wa kumsimulia, ataendelea kubaki hivyo.

Kijana wa Gongoni mwenye simu nzuri anaweza kuanza, ila afuate utaratibu. Kwanza aandike mswada. Picha zije baadaye. Akitumia kitabu cha mtu, apate ruhusa ya mwenye haki. Kabla ya kupiga picha za filamu, aulize Bodi ya Filamu Tanzania kuhusu kibali. Na kama nyumbani yupo bibi au babu anayekumbuka aliyosimuliwa na wakubwa wake, amrekodi mapema. Mswada unaweza kusubiri mwaka mzima, lakini wazee wetu hawana muda huo.